Gesi Imekwenda Wapi?

Nyumba yetu ya hapa Tanga ina kiyoyozi kimoja tu, nacho kimetundikwa ukutani katika chumba tunacholala. Hakikuingia humo kwa ajili ya anasa. Mimi nilikulia katika nyumba ya makuti, iliyopoa yenyewe, na nilipojenga ya bati sikuona haja ya kitu chochote zaidi ya madirisha mapana na pangaboi. Lakini mwaka 2019 mke wangu aliugua moyo, na daktari akatueleza waziwazi kwamba joto la mwambao wetu, hasa lile la miezi ya kaskazi, huutwisha moyo dhaifu kazi ya ziada. Mwili unapotaka kujipoza hupeleka damu nyingi kwenye ngozi, na anayeisukuma damu hiyo ni moyo. Mwenye moyo mzima hutoka jasho akalalamika. Mwenye moyo mgonjwa huweza kuzidiwa. Watoto wetu wakachanga, wakanunua kiyoyozi, wakakifunga, wakanikabidhi rimoti, nami nikaiweka ndani ya mtoto wa meza pamoja na dawa zake. Kwangu mimi hiyo ilikuwa dawa mojawapo.

Nataka kusimulia jinsi dawa hiyo ilivyokaribia kutushinda, na kosa lilivyokuwa langu zaidi kuliko la mashine.

Mwaka wa kwanza kiyoyozi kilifanya kazi yake bila kelele. Mwaka uliofuata, mwezi wa Septemba, kikaanza kutoa hewa isiyo na ubaridi. Nikamwita fundi, ambaye sitamtaja. Akaunganisha geji zake kwenye mabomba ya nje, akatazama mshale, akasema, “Mzee, gesi imeisha.” Akatia gesi, nikamlipa shilingi 70,000, chumba kikapoa. Baada ya miezi sita hivi hali ikawa ile ile. Akaja, akatazama, akatia, nikalipa. Mara ya tatu akaja kabla hata miezi mitano haijapita. Nilinung'unika kuhusu fedha, kama ilivyo desturi ya wastaafu, lakini jambo lenyewe halikunishangaza hata kidogo. Nilidhani gesi ya kiyoyozi huisha kama mafuta ya taa kwenye jiko: ukipika sana, utanunua sana. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijiambia mwenyewe, kisha nikaamini.

Ikafika Februari ya mwaka 2022, na wakazi wa mwambao wanajua Februari ilivyo. Kaskazi ilikuwa imelegea, hata jani la mnazi halitikisiki. Saa nane za usiku niliamshwa na sauti ya mke wangu akihema. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ameshika godoro kwa mikono miwili. Kiyoyozi kilikuwa kinanguruma, taa yake inawaka, namba 20 inaonekana, lakini upepo uliotoka ulikuwa wa chumba kile kile cha joto. Nikamshika mkono nikamtoa barazani, nikamweka kwenye kiti, nikalowesha kitambaa nikampangusa, nikampepea kwa ungo hadi adhana ya alfajiri. Kulipopambazuka tukamwahisha hospitali. Alipata nafuu, Mungu ashukuriwe, lakini saa zile za kupepea zilinitosha kufikiri, na nilichokifikiria zaidi ni kumtafuta fundi mwingine.

Jirani yangu akanielekeza kwa binti mmoja aliyesomea ufundi wa majokofu na viyoyozi katika chuo cha VETA. Alifika kwa bodaboda, sanduku la zana mbele yake na mtungi mgongoni. “Shikamoo babu.” Nikamwitikia, nikamweleza habari yote tangu mwanzo, kwa mpangilio, kama mtu anayetoa ripoti kwenye kikao. Nilimwambia kwamba kiyoyozi hiki kina tabia ya kumaliza gesi upesi, kwa hiyo safari hii atie ya kutosha.

Hakufungua sanduku. Alinitazama kwa adabu, akauliza, “Babu, gesi hiyo iliyotiwa mara tatu imekwenda wapi?”

Nikanyamaza. Msomaji, nimefundisha kwa miaka 37, na katika hiyo 14 ya mwisho nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Nimewafundisha walimu namna ya kuuliza maswali darasani: swali la kukumbuka, swali la kulinganisha, swali la kutafuta sababu. Swali hili la mwisho ndilo nililolipenda kuliko yote. Na kwa muda wa mwaka mzima na zaidi nililipa fedha mara tatu bila kujiuliza swali moja la darasa la nne.

“Imetumika,” nilijibu hatimaye, huku nikijua kwamba jibu langu lina walakini.

“Haitumiki, babu. Gesi ni kama damu. Inazunguka tu. Ukiona imepungua, mtu ana jeraha.”

Akanieleza, nami namweleza msomaji kwa maneno yangu. Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinachofanyika ni kubeba joto la ndani na kulitupa nje. Wazee wetu walilijua jambo hili kwa njia nyingine: maji ya mtungi hupoa kwa sababu machache hupenya udongo, hukauka nje, na katika kukauka huondoka na joto. Spiriti anayokupaka muuguzi kabla ya sindano hukupa ubaridi kwa kanuni hiyo hiyo. Ndani ya mabomba ya kiyoyozi kuna kimiminika ambacho huchemka na kugeuka mvuke hata kwenye baridi. Kinapochemka katika sehemu iliyoko chumbani, hufyonza joto la hewa inayopita. Mvuke huo huvutwa na kompresa, ukashindiliwa, ukapelekwa kwenye sehemu ya nje, na huko feni huupuliza mpaka ukatema lile joto na kurudi kuwa kimiminika. Kisha safari huanza upya. Mtungi wetu hupoteza maji yake, ndiyo maana tunaujaza kila siku. Mabomba ya kiyoyozi yamefungwa pande zote. Kama hakuna tundu, gesi iliyotiwa kiwandani huweza kukaa humo mpaka mashine yenyewe izeeke.

Alipomaliza aliniuliza kama kabla ya kiyoyozi kushindwa niliwahi kuona barafu. Nilikuwa nimeiona! Mara mbili niliona ukoko mweupe kwenye bomba jembamba la nje, na mara moja ndani, nyuma ya chujio. Nilifurahi, nikamwita mke wangu aje aone jinsi mashine yetu ilivyo na nguvu. Kumbe barafu ilikuwa kilio. Gesi inapopungua, mgandamizo ndani ya mabomba hushuka, na ile iliyobaki huchemka katika baridi kali mno mahali padogo, hata unyevu wa hewa ukaganda papo hapo, huku sehemu kubwa iliyobaki haipozi chochote. Aliuliza pia kuhusu umeme. Hapo nilimletea daftari langu la LUKU, kwa kuwa huandika kila ninachonunua na kila ninachotumia. Tukaona wote wawili: zamani usiku mmoja ulikula yuniti 4 au 5, wiki chache kabla ya kila ujio wa fundi, zilifika 7. Kompresa ilikuwa haipumziki, inakimbiza joto isilolifikia. Dalili zote nilikuwa nazo, tena moja kwa maandishi yangu mwenyewe.

Kazi yenyewe ilichukua nusu siku. Alitia naitrojeni ndani ya mabomba ili kuyapa mgandamizo, akachukua sabuni ya maji na brashi, akapaka kila maungio. Akaniasa kwamba nikimwona fundi anataka kutumia oksijeni badala ya naitrojeni nimfukuze uani, kwa maana oksijeni ikikutana na mafuta ya kompresa huweza kulipuka. Kwenye nati moja ya sehemu ya nje povu likaanza kuchipua, polepole, kama wali unaokaribia kuchemka. Alipoifungua alinionyesha. Mdomo wa bomba la shaba, ambao hupanuliwa kama mdomo wa zumari ili ukae vizuri ndani ya nati, ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Siku ya kukifunga mtu aliikaza nati kupita kiasi, na mtikisiko wa kila usiku ukaumalizia.

Alikata ncha ile, akapanua mdomo mpya, akafunga, akapima tena kwa naitrojeni. Ndipo akaunganisha pampu ya kuvuta hewa, nayo ikanguruma kwa muda mrefu. Nilimuuliza kwa nini yule wa kwanza hakuwa na pampu. Akasema tu kwamba hewa na unyevu vikibaki ndani huharibu mafuta na hatimaye kompresa. Hakumsengenya mwenzake, nami nilimheshimu kwa hilo. Mwisho akasoma kibandiko kilichoko ubavuni mwa mashine, chenye aina ya gesi na uzito wake, akauweka mtungi juu ya mizani na kutia gramu 700, wala si zaidi. Kibandiko hicho kilikuwa pale tangu siku ya kwanza. Sikuwahi kukisoma.

Nikabaki na nusu ya pili ya swali: hiyo iliyovuja imekwenda wapi? Imekwenda angani. Gesi za zamani ziliitoboa ozoni, tabaka linalotukinga na mionzi mikali ya jua, mpaka mataifa yakakubaliana Montreal, Kanada, mwaka 1987 kuziondoa. Gesi ya kiyoyozi chetu, iitwayo R-410A, haidhuru ozoni, lakini kilo moja yake ikiachwa angani hushika joto la dunia zaidi ya mara 2,000 kuliko kilo moja ya kaboni dayoksaidi. Kwa sababu hiyo mataifa yalikutana tena Kigali, Rwanda, mwaka 2016, yakakubaliana kupunguza na hizi pia. Basi nilipokuwa nikilipa ili chumba kimoja cha Tanga kipoe, nilikuwa nikisaidia kuipasha joto Tanga yenyewe.

Usiku ule mke wangu alilala vizuri. Mimi sikulala. Swali la binti yule lilikuwa limefungua mlango mwingine.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwako chuoni mwanachuo mmoja wa kiume, mtulivu, mwenye mwandiko mzuri na maandalio ya somo yaliyokamilika. Katika mazoezi ya kufundisha alishindwa. Wakaguzi waliandika kwamba hawajali wanafunzi wa nyuma: wanafunzi hao huuliza naye hajibu, hupiga kelele naye hakemei. Nilimwita ofisini, nikamwonya, nikampangia masomo ya ziada. Akashindwa tena kwa kosa lile lile. Nikamwonya kwa barua. Mara ya tatu nikamwambia kwamba asiyewajali watoto hafai kuwa mwalimu. Alinitazama usoni kwa makini sana, kama alivyozoea kumtazama kila mtu, kisha akaondoka chuoni kabla ya mtihani wa mwisho. Miaka kadhaa baadaye mwenzake aliniambia kwamba kijana yule aliugua masikio utotoni, na usikivu wake ulikuwa ukipungua mwaka hadi mwaka. Alitusikia sisi kwa kutazama midomo yetu. Alificha kwa sababu aliogopa kufukuzwa.

Taarifa zetu zote zilisema “wanafunzi wa nyuma”. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kwa nini ni wa nyuma tu, na kwa nini wa mbele anawajibu vizuri. Tuliona upungufu, tukaongeza: maonyo, masomo ya ziada, barua. Tuliongeza gesi mara tatu. Ufa ulikuwa sikioni, na kiti kilichosogezwa mbele au neno la upole vingeweza kuuonyesha. Nilipolisikia jambo hilo nilisikitika, kisha nikajitetea kwamba hakutuambia. Nilikuwa naendelea kujitetea hivyo mpaka siku ya yule binti. Kiyoyozi nacho hakikuniambia kitu. Kilitoa barafu, nami nikapiga makofi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nimelinukuu neno hilo katika hotuba nyingi za mahafali. Sasa najua kwamba kabla ya kuziba kuna kazi ya kutafuta, na kazi hiyo ndiyo tunayoikwepa, kwa kuwa kuongeza ni rahisi na huleta ubaridi wa haraka.

Tangu hapo nimekuwa mwanafunzi wa kiyoyozi changu. Sijawa fundi, wala simshauri mtu wa umri wangu kufungua kifuniko cha sehemu ya nje, maana humo kuna kapasita, ambayo huweza kutunza umeme hata baada ya swichi kuzimwa. Lakini yako mambo ya mwenye nyumba, na nimeyaandika kwenye daftari lile lile la LUKU kwa utaratibu wa kutoka jepesi kwenda zito.

Kwanza, rimoti. Mara moja niliamka na hofu kumbe mjukuu alikuwa amebonyeza alama ya feni badala ya ile ya theluji. Pili, umeme. Ukikatika na kurudi, nangoja angalau dakika 3 kabla ya kuwasha, ili mgandamizo ndani ya mabomba usawazike na kompresa isilazimike kuanza na mzigo mzito. Tatu, chujio. Kila baada ya Jumamosi mbili nalichomoa, nalisafisha kwa maji ya bomba na sabuni kidogo, nalianika kivulini. Chujio lililoziba huzuia hewa, na hilo nalo huweza kuleta barafu. Kwa hiyo nikiona barafu leo sipigi makofi: nazima ubaridi, naacha feni peke yake iyeyushe, natazama chujio. Kama ni safi na barafu ikarudi, namwita fundi.

Nne, maji. Maji yanayotoka kwenye kibomba cha nje ni unyevu wa hewa ya chumbani, nao ni nusu ya raha ya kiyoyozi. Mmarekani Willis Carrier alipobuni mtambo wake mwaka 1902 hakuwa anatafuta kuwapoza watu. Alitakiwa kudhibiti unyevu katika kiwanda cha uchapaji kule Brooklyn, New York, ambako karatasi zilikuwa zikitanuka na kusinyaa na rangi zikakosa kulingana. Katika mji wenye unyevu kama wetu kibomba hicho hakina budi kudondosha. Kikikauka wakati mashine inafanya kazi, na maji yakaanza kutiririka ukutani ndani, basi kimeziba. Chetu kiliwahi kuzibwa na tope la nyigu.

Tano, sehemu ya nje. Sisi tunakaa karibu na bahari, na upepo wa chumvi hula bati, alumini na shaba bila haraka. Mara moja kwa mwezi nazima swichi kuu, namwagia mapezi yake maji baridi kwa mpira usio na nguvu, nafyeka mchicha uliosogea, na natazama kama mijusi kafiri wamehamia. Mjusi mmoja akipita mahali pasipo pake ndani ya sanduku lile anaweza kuzima mashine nzima na kufa yeye mwenyewe. Mwisho, joto lenyewe. Tumeacha kuweka 20. Tunaweka 25, pazia tunalishusha mchana, na pangaboi linazunguka polepole juu yetu. Mke wangu anapata ubaridi wa kumtosha, na daftari linaonyesha yuniti zimeshuka.

Juu ya orodha hiyo nimeandika swali la binti yule kwa herufi kubwa. Kiyoyozi hakijatiwa gesi tena tangu siku ile. Kuhusu mwanachuo wangu, niliuliza kwa wenzake wawili niliowapata. Mmoja alisikia kwamba yuko bara, anashona nguo. Nimeandika barua nikampa aipeleke kama atapata njia. Sikuandika mengi. Nilisema kwamba nilimwonya mara tatu bila kumuuliza mara moja, na kwamba kosa lilikuwa langu. Majibu bado.

Jioni hii nimemaliza kulianika chujio na ninaandika mezani, mlango wa chumbani uko wazi. Mke wangu ananiita: “Mwalimu, funga mlango, baridi inatoka!” Nilitaka kumweleza kwamba baridi haitoki, ni joto linaloingia. Nimenyanyuka nimeufunga mlango.